Mama Kapita na Bariyeri ya Mvua

Mwanzi wenyewe, ule tuliouita bariyeri, haukuwa na kitu cha kutisha. Ulikuwa mwanzi wa kawaida, mrefu, umelazwa kukatiza barabara juu ya panda mbili za miti, na mtu yeyote angeweza kuunyanyua kwa mkono mmoja. Lakini katika miaka kumi na moja niliyoendesha pikipiki ya abiria kati ya Kasongo na Kabambare, niliwaona mbele ya mwanzi ule wachimba dhahabu wenye mabega mapana, wachuuzi wenye haraka, padri mmoja na shehe mmoja, wote wamezima injini na kukaa chini. Nyuma ya mwanzi alikaa mama mmoja mfupi, mwenye sweta ya kijani iliyotoboka viwiko, akitafuna karanga na kutazama upande mwingine kabisa.

Tulimwita Mama Kapita. Kapita kwetu ni msimamizi wa kazi, cheo kilichobaki midomoni tangu wakati wa mashamba ya pamba ya Wabelgiji. Jina lake la kuzaliwa nililijua na sitaliandika, maana yeye mwenyewe akiitwa kwa jina hilo aligeuka taratibu, kama anayedhani anaitwa mtu mwingine. Mume wake ndiye aliyekuwa kantonye, mtu aliyekabidhiwa kipande cha barabara akitunze. Siku moja mume akaenda machimboni kwa wiki mbili, na wiki hizo hazijaisha mpaka leo. Jembe lake lilibaki ukutani. Mke akalichukua. Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu mwanzo wake, na sikuwahi kupata zaidi.

Kipande chake kilianzia kijito kimoja na kuishia kijito kingine, mwendo wa saa nzima kwa miguu, upande wa kwenda Wamaza. Katikati barabara iliteremka kwenye bonde tuliloliita Meza. Si meza ya kulia chakula. Ni meza ya kumeza, kwa sababu bonde lile lilikuwa limemeza malori mengi, na moja lilikaa humo majuma mengi mpaka kuku wakaanza kutaga chini yake. Mama Kapita alikuwa na sheria moja juu ya Meza: mvua ikinyesha, mwanzi unashuka, na haupandi tena mpaka njia ikauke. Gurudumu likipita kwenye udongo mbichi linaacha mfuo, mfuo unashika maji, maji yanatafuna, na mwaka unaofuata huna barabara, una mto.

Hakuwa na saa wala kitabu cha kanuni. Alikuwa na kisigino. Mvua ikikatika alivua ndala, akateremka bondeni, akakanyaga kwa kisigino cha kulia kwa nguvu zote, akasimama kando na kutazama lile shimo. Shimo likijaa maji, hakuna kupita. Likibaki kavu, alirudi bila kusema neno na kuunyanyua mwanzi. Likiwa katikati, alisema, “Njia bado inakunywa,” akarudi kwenye karanga zake.

Mara ya kwanza kusimamishwa nilikuwa kijana mwenye kiburi cha pikipiki mpya, na nyuma nimempakia mama wa Nyangwe na vikapu vyake vya samaki wa kukaushwa.

“Mama, fungua,” nikamwambia. “Miye niko na pikipiki tu, si kamiyo ya mizigo.”

“Pikipiki iko na uzito.”

“Kidogo tu.”

“Basi kidogo hiyo uiache hapa, upite na ile ingine.”

Mama wa samaki alicheka mpaka akashuka. Mimi sikucheka. Nilikaa pale saa tatu nikiwaza jinsi ya kumkomesha, na safari iliyofuata nikafanya kama vijana wote: nikauzunguka mwanzi kwa kupita kando, kwenye majani, nikauvuka mfereji kwa kishindo. Niliona nimeshinda. Udongo nilioubomoa uliziba mfereji, mvua ya siku ile ikakosa pa kwenda, ikapanda barabarani na kukata kipande chenye upana wa kitanda. Nilipopita tena, Mama Kapita hakunitukana. Alinitazama gurudumu, siyo uso, akaniletea beleshi na kusema, “Alama ya mupira yako naijua.” Nilichimba mpaka jua likageuka.

Tangu hapo nilianza kumchunguza. Nakiri kwamba ulikuwa udadisi tu, sikuwa na heshima yoyote. Nilitaka kujua kitu kimoja: anapata nini? Hakuwa na mshahara. Mume wake alikuwa akipewa kitu kidogo zamani, na hata hicho kilikoma kabla mume mwenyewe hajakoma. Wasafiri wengine walimwachia chumvi au kipande cha sabuni. Alipokea bila asante, kama mtu anayepokea mzigo wake uliopotea. Lakini chumvi haimfanyi mtu ashinde kwenye jua na jembe. Kila nilipongojea kwenye mwanzi nilimuuliza, na kila mara alinipa jibu jipya.

“Sababu niko na mikono.”

Safari nyingine: “Napenda kukuona ukikasirika.”

Safari nyingine, kwa ukali: “Nani alikuambia nafanya bure? Weye ukinunua chumvi Kasongo, inafika hapa na mabawa?”

Na siku moja, mvua ndefu, tukiwa wawili tu: “Sijui, mwanangu. Nilianza kwa kungojea mume. Nikaona kungojea na mikono mitupu inachokesha.” Nilidhani hilo ndilo jibu la kweli, nikajisifu kwamba nimelipata. Wiki iliyofuata nilimkumbusha, akasema hajawahi kusema maneno ya kipuuzi kama yale.

Huku kwetu serikali tunaiita Leta. Ni Kifaransa, l’État, kilicholegezwa na ndimi za wazee wetu. Shule ni ya Leta, hospitali ni ya Leta, daraja ni la Leta, na ukisema kitu ni cha Leta umekwisha kusema kwamba si chako, si cha jirani, na ukikikuta kimeanguka unakiruka. Nilipokuwa mdogo nilisikia watu wakisema “barabara ni ya Leta” nikaelewa kwamba ni barabara ya kuleta: inaleta chumvi, inaleta vitambaa, inaleta mjomba wangu kutoka Kabambare. Niliandika hivyo katika insha. Mwalimu alinisomesha insha hiyo mbele ya darasa, watoto wakaanguka kwa kicheko, kisha akaandika lile neno la Kifaransa ubaoni, na herufi zake kubwa na alama yake ya juu, ili nijue ujinga wangu una umbo gani.

Nilimsimulia Mama Kapita kisa hiki ili acheke. Hakucheka. Aliacha kutafuna.

“Mwalimu yako ndiye alikosa,” akasema. “Weye ulisikia muzuri. Leta ni kuleta. Huyu analeta jembe, huyu analeta mutoto kwa sindano, huyu analeta mukono. Usipoleta, iko wapi hiyo Leta?”

Nikamwambia watu wanasema kinyume: wanasema Leta inaitwa hivyo kwa sababu kila siku inatuambia leta, leta, leta, na yenyewe haileti.

“Hiyo pia ni kweli,” akasema, na akarudi kwenye karanga. Hilo ndilo lililonifurahisha kwake. Ungemletea ukweli unaopigana na wake, angeukaribisha, angeupa kigoda ukae.

Kuna hadithi ya mkubwa mmoja wa ofisi aliyefika na gari la jeep baada ya mvua akakuta mwanzi umelala. Nimeisikia kwa namna tatu. Mwanzo wake ni mmoja. Yule mkubwa aliteremka, akapandisha suruali na kusema, “Mama, unanijua? Miye ni Leta.” Mama Kapita akasimama kwa adabu kabisa. “Karibu, Leta,” akasema. “Basi leta mukono.” Akamnyooshea beleshi. Hapo ndipo hadithi inapogawanyika. Wengine wanasema mkubwa alicheka, akachimba na viatu vyake vya kung’aa. Wengine wanasema alimwamuru dereva achimbe. Wengine wanasema aligeuza gari kwa hasira akaenda kulala kijiji cha nyuma. Nilimuuliza Mama Kapita mwenyewe ipi ni ya kweli.

“Zote tatu,” akasema. “Walikuja watu watatu.”

Usidhani basi kwamba alikuwa mtu wa kugawa gawa. Nyumbani kwake alikuwa mchoyo wa kupindukia. Kinu chake hakikuwahi kuvuka uzio. Ukienda kuomba kaa la moto alikuambia limezimika huku moshi unakuingia machoni. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mama mpole mwenye watoto wengi, alikosana naye kwa sababu ya kuku aliyetaga upande usio wake. Waliacha kusalimiana miaka miwili kwa ajili ya yai moja. Na uwanja wake mwenyewe, jamani! Mlangoni pa nyumba ya Mama Kapita palikuwa na potopoto, tope la kumwangusha mbuzi. Nilimuuliza kwa nini asichimbe mfereji mdogo pale. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. “Pale napita miye peke yangu,” akasema.

Jambo hilo lilinishughulisha sana, na linanishughulisha bado. Nimewajua watu wakarimu, ukiwa na njaa wanakukatia nusu ya ugali wao, na watu hao hao hawatang’oa jani moja kwenye mfereji wa wote. Yeye alikuwa kinyume chao. Mtu mmoja mmoja alimchosha. Ni pale watu walipokuwa wengi kiasi cha kutowajua majina ndipo alipowatendea wema.

Na sindano! Wauguzi wa chanjo wakija na makasha yao ya baridi, yeye ndiye aliyegonga rimu ya lori iliyoning’inia barazani kwa shefu wa kijiji, akapita nyumba kwa nyumba akiwatoa watoto chini ya vitanda. “Surua haijui mulango ya nani,” aliwaambia akina mama. Lakini muuguzi akigeuka kumtafuta yeye, ama kumpima, ama kumchoma sindano ya pepopunda kwa vile anafanya kazi na vyuma na udongo, Mama Kapita alikuwa keshaingia shambani. Aliogopa sindano kuliko nyoka. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyethubutu kumtania isipokuwa yule jirani wa yai, aliyekuwa akisema kwa sauti ya kupita ukuta, “Wengine wanajua kukamata watoto ya wenzao tu.”

Kazi ya pamoja, ile tunayoita salongo, ilikuwa Jumamosi. Aliichagua yeye. Ijumaa ni ya Waislamu, Jumapili ni ya Wakristo, kwa hiyo Jumamosi, alisema, haina mwenyewe. Wasabato wakaja kulalamika kwamba ina mwenyewe kabisa. Aliwasikiliza, akakuna kichwa, akawakatia kipande chao pembeni ya kijito cha pili na kuwapa Alhamisi. Kikawa kipande kizuri kuliko vyote, wenye wivu wakasema ni kwa sababu udongo wa pale ni laini. Wachimba dhahabu kutoka Kivu waliokwama kwenye mwanzi aliwapa pia majembe. “Siye ni wapitaji tu, Mama,” walimwambia. Na yeye: “Njia ni ya wapitaji. Mwenye kukaa nyumbani haina kazi nayo.” Walichimba. Sijui kwa nini walichimba. Mimi nilichimba kwa aibu. Labda na wao.

Kisha mwaka mmoja ukaja mradi. Sitasema wa nani, kwa sababu ulikuwa mradi mzuri na sina ugomvi nao. Walikuja na mashine ya njano, wakaandika majina ya vijana, wakawapa fulana zenye mistari ya kung’aa na malipo ya kila wiki. Meza ilijazwa mawe. Madaraja ya magogo yalibadilishwa. Nilipita pale bila kuweka mguu chini, nikapiga honi kwa furaha. Mama Kapita alikaa barazani mwake akitazama mashine kama mtu anayetazama mgeni anayempikia jikoni mwake.

Mradi ukaisha, kama miradi inavyoisha. Jumamosi iliyofuata aligonga rimu. Walikuja watu wachache, wakasimama mikono nyuma.

“Mama, liste ya majina iko wapi?” kijana mmoja akauliza. “Nani anatulipa?”

“Nani alikulipaga?”

“Mradi ilitulipa. Kumbe hii kazi iko na malipo, na siye tulifanyaga bure miaka yote.”

Alichukua jembe akateremka Meza. Jumamosi tatu alichimba peke yake. Ya nne aliingiza jembe ndani, akauondoa mwanzi, akaenda kwenye shamba lake la karanga kama watu wengine. Mvua kubwa zilianza mwezi ule.

Meza ilifumuka kidogo kidogo. Kwanza mifereji ikaziba majani, kisha lori moja likapita na mvua, kisha la pili likafuata mifuo ya la kwanza, na la tatu halikutoka. Baada ya hapo hakukuja lori. Chumvi ikapotea kijijini, halafu sabuni. Mpunga ukaanza kuota ndani ya magunia kwa kukosa wa kuusafirisha. Muuguzi wa chanjo alifika kwa miguu, kasha begani, barafu imekwisha kuyeyuka na chanjo imeharibika. Mimi pikipiki yangu ilibebwa na wanaume wanne kuvuka bonde, miguu yangu ikizama mpaka magotini, na abiria wangu alinitukana kana kwamba mimi ndiye niliyenyesha. Njia ile ilikuwa ugali wangu. Nilikwenda kumsihi Mama Kapita.

“Mama, njia inakufa.”

“Naiona.”

“Sasa?”

“Na miye nangojea mradi.”

Alisema bila tabasamu, akiendelea kumenya karanga, na nilitoka pale nikimchukia kweli kweli. Niliona amekuwa kama sisi. Baadaye, nilipotulia, niliona kwamba ndicho alichokuwa anatuonyesha, lakini sina hakika. Huenda alikuwa amechoka tu. Nimekwisha kumfanya mwerevu mara nyingi mahali alipokuwa amechoka.

Asubuhi ya Jumamosi moja rimu ililia. Wote tulidhani ni yeye. Alikuwa yule jirani wa yai, na mtoto mgongoni, anagonga kwa jiwe. Mtoto wake mwingine alikuwa amelazwa kwa surua, na hakutaka kusikia tena habari ya mradi. Walitoka watu, si wote, nusu hivi. Mama Kapita alitokea mwishoni, hakumsalimu mtu, akaanza kuchimba upande wa chini ambako kazi ni chafu zaidi. Siku hiyo nilimuuliza kama nusu inatosha.

“Inatosha,” akasema, “kama haiko nusu ile ile kila siku.”

Njia ilifufuka, ingawa haikurudi kuwa kama wakati wa mawe mapya. Mwanzi ukarudi. Mimi baada ya miaka michache niliachana na safari, nikafungua banda la vipuri Kasongo, na habari zake nikawa nazipata kwa madereva waliokuja kununua mipira huku wakimtukana. Kwa matusi yao nilijua ni mzima.

Mwaka juzi nilikuwa nimekwenda Kabambare kununua mpunga nikasikia kwamba ni mgonjwa, nikauacha mpunga nikaenda kwake. Alikuwa akizibua bomba la chini ya barabara, bati likamkata mguu kwenye muundi. Alifunga majani akaficha. Alificha kwa sababu ya sindano, kila mtu alijua hivyo, na alificha mpaka jirani yake akaisikia harufu kupitia ukutani. Muuguzi aliyafungua majani, akauosha mguu. Kisha akasema kwamba ugonjwa umekaribia mfupa, kwamba daktari wa upasuaji aliyekuja hospitali ya Kasongo kwa siku chache anaondoka keshokutwa asubuhi, na kwamba akimkosa huyo, mguu hautasubiri mwingine. Ama mguu ukatwe, ama yeye mwenyewe afe nao.

Nilimpakia kwenye pikipiki yangu alfajiri iliyofuata, nikamfunga kiunoni mwangu kwa kitenge ili asianguke. Alikuwa mwepesi kuliko vikapu vya samaki. Tuliivuka Meza ikiwa kavu, na hakuitazama. Saa nne hivi mvua ikatushika njiani, tukajibanza kwenye kibanda cha mtu, ikanyesha na kukatika. Tukaendelea. Kijiji cha pili mbele yake, mahali ambapo miaka yangu yote sikuwahi kusimamishwa na mtu, nikakuta mwanzi umelazwa kukatiza barabara.

Alisimama pale mama mmoja mrefu, kilemba cha manjano, kijiti mkononi. Alikichomeka ardhini, akakichomoa, akakitazama. Pikipiki sita na lori moja zilikuwa zinangoja.

“Bado,” akasema.

“Mama, niko na mugonjwa. Dokta anaenda kesho asubuhi.”

“Pole sana. Kila mutu hapa iko na sababu yake. Mungoje.”

Nilisikia Mama Kapita akijinyoosha mgongoni kwangu. “Miye ni kapita,” akasema.

“Kapita wa wapi?”

“Wa Meza.”

“Siijui,” akasema yule mama, kwa upole, na kuondoka kwenda kuchomeka kijiti mahali pengine.

Kisha nikasikia sauti ya Mama Kapita sikioni, ya chini, ya mtu anayeomba. “Nyuma ya muhogo ule iko kanjia. Pita pale.”

Nilitazama. Kilikuwepo, kijia chembamba kinachopita kati ya mihogo na kuuvuka mfereji, mfereji uliochimbwa juzi juzi, udongo wake bado mwekundu. Nilikijua kijia cha aina ile. Nilikuwa nimekipita ujanani na nikalipa kwa beleshi. Mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo. Nitasema ukweli: nilikuwa tayari kwenda. Mguu ulinuka mgongoni mwangu na mfereji ule haukuwa wangu.

“Utabomoka, Mama,” nikasema. “Mufereji.”

“Najua.”

Niliwasha injini. Wale waliongoja wakageuza vichwa. Niligeuza usukani kuelekea mihogo, gurudumu la mbele likashuka kwenye majani, na hapo Mama Kapita alinikamata bega.

“Zima,” akasema.

Nilizima. Nilimshusha, nikamkalisha kwenye gogo walipokaa wengine, mguu nikauweka juu ya mfuko wangu. Wale wenzetu walikuwa katika kazi yao ya kungoja, yaani kumtukana mwenye mwanzi, na Mama Kapita akawasikiliza, kisha akaingia. Sikuwahi kusikia mtu akitukana vizuri vile. Alisema mama yule ana roho ya jiwe la kusagia. Alisema anajitembeza kama muke ya gavana na kijiti kama cha kuchokonolea meno ya tembo. Dereva wa lori alikaa chini kwa kicheko. Na yeye alikuwa hachezi. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya maumivu, ya hasira, sijui.

Alipoishiwa alinigeukia.

“Ni hivi mulikuwa munanisema?”

“Ni hivi, Mama.”

“Na weye?”

“Na miye. Zaidi ya hivi.”

“Ulinichukia?”

“Sana.”

Alitikisa kichwa polepole, akafikiri. “Sikujua kama inauma hivi, kungojea,” akasema. “Nilidhaniaga munanicheza.”

Mwanzi ulipanda alasiri. Tuliingia Kasongo jua likiwa chini, nikamwingiza hospitali mikononi mwangu. Daktari alikuwa akifunga mizigo yake. Aliutazama mguu, akavua saa, akaomba maji ya moto. Alimfanyia kazi siku hiyo hiyo, na baadaye aliniambia kwamba mfupa ulikuwa umeguswa kidogo, mguu utabaki, lakini jembe asahau.

Nilimkuta asubuhi amelala anatazama dari. Sikumuuliza kwa nini alinizuia kwenye mihogo. Nilikuwa nimeuliza vya kutosha miaka yote ile.

“Ule mama wa kilemba,” akasema. “Jina yake nani?”

“Sikumuuliza.”

“Ukipita, umuambie nilimutukana vibaya sana. Umuambie vile nilisema, yote. Na umuambie hivi: hata nirudi na mvua, hata kama niko nalia, asinifungulie.”

Siku chache baadaye nilirudi kuchukua mpunga wangu nilioutelekeza Kabambare. Barabara ilikuwa kavu, mwanzi uko juu, na yule mama alikuwa ndani ya mfereji anachimba. Nilisimama nikamfikishia ujumbe wote, na matusi yake. Aliniachia nimalize. Akapangusa jasho kwa mkono wenye udongo.

“Umuambie apone,” akasema. “Na umuambie, hata kama hakusema, singefungua.”